Andika Sitini

Jumanne asubuhi, nikiwa na povu la sabuni nusu ya uso na wembe mkononi, simu iliita kutoka Itiryo, kule Tarime. Alikuwa binti mkubwa wa rafiki yangu. "Shikamoo, baba mdogo," alisema, kisha akanyamaza, nami nikajua kabla hajaongeza neno, maana binti yule hajawahi kunyamaza tangu aanze kusema. "Baba ametutoka alfajiri." Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia, siwafichi. Lakini machozi hayajafika hata kwenye povu, binti akaniuliza: "Samahani, baba mdogo, hivi baba alikuwa na miaka mingapi? Fundi wa msalaba anataka namba. Cheti cha ubatizo ukikipigia hesabu kinasema sabini na sita. Kitambulisho kinasema sabini na moja. Na faili lake la kazini, tukilifuata hilo, baba alianza chuo akiwa na miaka kumi na miwili." Ndugu wasomaji, nisameheni. Nilicheka. Nilicheka mpaka povu likaruka kwenye shuka, mke wangu akaja mbio akidhani nimeingiwa na wazimu. Kwa marehemu mwingine yeyote swali lile lingekuwa la kawaida. Kwa huyu wangu, ilikuwa kana kwamba amelipanga mwenyewe ili nisipate nafasi ya kuhuzunika sawasawa.

Sitamtaja jina. Chuoni tulimwita Sifuri, na jina hilo lilimfuata mpaka ofisini, mpaka kanisani, mpaka wajukuu wakadhani ni la ukoo. Asiyemjua angesema ni jina la mtu aliyeanguka mtihani. Sivyo hata kidogo. Sifuri ile ilikuwa na heshima kuliko alama zote nilizowahi kupata mimi, na kwa kuwa mwenyewe hayupo tena wa kunizuia wala wa kunitetea, leo nitawaeleza ilivyopatikana.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Vijiji vipya vilikuwa bado vinanukia nyasi mbichi za paa, na kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mwalimu, ndugu mpishi, ndugu mlinzi wa getini. Tulifika chuoni siku moja, mimi na yeye, kila mmoja na sanduku lake la bati, katika chuo kilichokuwa mbali mno na kwetu hata ugali wake tuliuona mwepesi. Alinisikia nikisalimia watu kwa lafudhi yangu nzito, akaniita kutoka ng'ambo ya uwanja: "Mura!", yaani kijana kwa Kikurya. Hakuniuliza jina. Aliniuliza nimetahiriwa mwaka gani. Kwetu Wakurya miaka ya kuzaliwa si kitu, kitu ni rika. Waliotahiriwa msimu mmoja, kwa Kikurya tunasema ni esaro moja, ni sawa mpaka kaburini. Hakuna mkubwa wala mdogo kati yao. Waliokutangulia ni wakubwa zako hata kama wamekutangulia kwa msimu mmoja tu. Mimi ni wa Kenyamonta, upande wa Serengeti, naye akapiga hesabu zake pale pale na kuona kwamba nimetahiriwa baada yao. "Basi wewe ni mdogo wangu," akasema, na akanikabidhi sanduku lake nilibebe. Nililibeba.

Somo lililotutoa jasho mwaka ule wa kwanza lilikuwa takwimu. Tulijua kuhesabu, tukadhani inatosha. Loo! Mwalimu wetu alikuwa kijana mtanashati, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi ikasimama, chaki yake haivunjiki, na alipenda kusema kwamba namba zikishafika thelathini huanza kusema kweli. Wastani tuliuelewa: jumlisha, gawanya, kaa chini. Kisha akatuletea mtawanyiko, yaani kupima namba zako zimetangatanga umbali gani kutoka kwenye wastani. Kila namba uitoe kwenye wastani, uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe zote, ugawanye, halafu utafute kipeuo cha pili. Nusu ya darasa ilitaka kurudi nyumbani kulima. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiiona kanuni ile ubaoni nahisi njaa.

Lakini yeye, siku alipoielewa, alipatwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima. Aliniamsha usingizini mchana wa Jumamosi kuniambia kwamba kila kitu duniani kina wastani na kila kitu kina mtawanyiko. Kuanzia hapo hatukulala. Alipima hatua za watu kutoka bwenini hadi bafuni. Alipima urefu wa hotuba za wageni rasmi. Siku moja akaamua kuhesabu punje za maharage kwenye sahani za watu thelathini, sahani moja moja, huku chakula kikipoa na watu wakimtukana kwa lugha zote za Tanzania. Alipomaliza alisimama juu ya benchi na kutangaza kwamba wastani wa maharage ni mzuri, ila mtawanyiko ni mkubwa kupita kiasi, na kwa hiyo ndugu mpishi ana upendeleo. Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Kumbe kweli, maharage yote yalikuwa yakienda kwa watu wa kwao. Kuanzia kesho yake sahani zikalingana, na mimi ndipo nikaanza kuamini kwamba somo lile lina faida.

Likizo ya Desemba tukapewa kazi: kila mmoja akusanye umri wa wakuu wa kaya thelathini kijijini kwake, atafute wastani na mtawanyiko, arudi na karatasi. Mimi nilimsindikiza Itiryo nikale siku mbili kisha niende kwetu Kenyamonta. Mvua za vuli zilikuwa hazijui kukoma. Mto Mara ukafura, pantoni ikasimama, na mimi nikabaki ng'ambo isiyo yangu. Nisiseme niliteseka. Walinilisha ugali wa mtama, nyama na maziwa ya mgando mpaka suruali ya chuo ikakataa kufunga. Ila kazi yangu ilihitaji watu wa Kenyamonta, na Kenyamonta haikufikika. Nikajiambia, mzee ni mzee. Nitakusanya hawa wa Itiryo, halafu juu ya karatasi nitaandika Kenyamonta.

Hapa lazima niwaambie jambo moja kuhusu kijiji kile. Watu walipohamishiwa kwenye mistari ya nyumba, wazee wa rika la baba yake Sifuri waliomba wajenge pamoja, mstari mmoja, mlango kwa mlango. Wakakubaliwa. Sisi, kwa sababu ya mvua na matope, tuliona mstari ule uko karibu na una nyumba thelathini na kitu, tukasema Mungu ametuonea huruma. Wazee wenyewe walikuwa wanampenda kijana wao mno. Ndio waliomuaga siku alipoondoka kwenda chuo, wakambariki na kumwambia: "Nenda, mura, ukajue wanavyohesabu huko, ili wakija tena kutuhesabu tuwe na mtu wetu." Hakuna mwingine aliyekuwa amefika chuo kutoka mstari ule. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa juu ya mabega yake, naye alikibeba akitembea kifua mbele.

Mzee wa kwanza tulimkuta akirekebisha lango la zizi. Tulisalimia, tukakalishwa, tukapewa maziwa, na rafiki yangu akafungua karatasi kwenye goti, akamwita mzee tata, yaani baba.

"Tata, wanataka kujua umri wako."

"Nani anataka?"

"Chuo."

"Chuo kinataka kunifanya nini?"

"Hakuna, tata. Kinataka kujua tu."

Mzee akafikiri. Akaitazama karatasi kama mtu anayetazama vitambaa dukani. "Hapo mna namba gani?"

"Zipo zote."

"Sitini ipo?"

"Ipo."

"Basi andika sitini."

Tukaandika. Jioni ile mzee alikwenda kwenye pombe na wenzake, na asubuhi iliyofuata mzee wa pili alitupokea mlangoni kabla hatujabisha hodi. "Mwenzangu mmemwandika ngapi?" Sitini, tata. "Na mimi hiyo hiyo." Wa tatu, sitini. Wa tano alikuwa na nywele nyeusi tii na sauti ya tarumbeta, sitini. Wa ishirini na saba hakuwa na jino hata moja kinywani, sitini. Huyu nilijaribu kumshawishi. Nikamwambia kwa adabu zote, "Tata, huenda wewe umepita kidogo?" Akaweka kibuyu chini. "Huyu kijana ni wa nani?" Akaambiwa ni wa Kenyamonta. "Ndiyo maana," akasema, na hakunitazama tena mpaka tulipoaga.

Tulipiga hesabu sebuleni kwao, mvua ikigonga paa. Wastani, sitini. Mtawanyiko: sitini toa sitini, sifuri, mara thelathini. Mimi nilishtuka. Nikamwambia, "Kaka, hapa tumekwisha. Lazima tutie chumvi kidogo. Huyu mpe hamsini na saba, yule kibogoyo mpe sitini na sita." Yeye alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia tuchome nyumba. "Nikimwandika sitini na sita nitakuwa nimemfanya baba wa wenzake. Na huyu wa hamsini na saba itabidi awapishe wenzake kwenye kigoda. Mura, unataka nivunje rika la baba yangu kwa kalamu ya risasi?" Hakuona kitu cha ajabu pale, jamani. Wazee walikuwa sawa, na karatasi ilisema wako sawa; yeye aliona hesabu imetoka vizuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akaandika sifuri kwa wino, akaipigia mstari chini. Mimi nilikwenda kona yangu nikapika. Nilipika kwa ustadi, hamsini na nne hapa, sitini na nane pale, nikachanganya, nikaonja, nikaongeza. Mtawanyiko wangu ulitoka mnono.

Siku ya kurudishiwa karatasi, mwalimu aliinua yangu juu darasa zima liione. "Ndugu zangu, hizi ndizo namba zinazopumua," akasema. "Mnaona? Zinatembea. Huyu alikwenda kijijini." Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua nyuma yangu amekaa nani. Kisha akainua ya rafiki yangu kwa vidole viwili. "Na huyu hakwenda popote. Alilala kwao akapika. Wazee thelathini, wote sitini! Ndugu, hata vidole vya mkono mmoja havilingani."

Rafiki yangu akasimama. "Ni kweli, ndugu mwalimu. Lakini vyote vilizaliwa siku moja."

Darasa lilianguka. Watu walicheka wakapiga meza, na hapo ndipo jina la Sifuri lilipozaliwa. Mwalimu peke yake hakucheka. Alielezwa habari ya rika, akasema hizo ni hadithi, na kughushi takwimu chuoni pale adhabu yake ilikuwa kudisko, kufukuzwa na sanduku lako. Karatasi ikapelekwa kwa mkuu wa chuo. Fikirini wenyewe hali ilivyokuwa: saa mbili asubuhi tunafundishwa siasa kwamba binadamu wote ni sawa, na saa nne tunafundishwa takwimu kwamba wakiwa sawa kabisa, basi kuna mtu amedanganya.

Nilikaa kimya siku tatu. Naliandika hili polepole kwa sababu ndilo jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Mtu mkweli alikuwa anafukuzwa kwa kupika, na mpishi mwenyewe alikuwa anapongezwa kantini. Siku ya tatu nilimkuta bwenini anapanga nguo zake. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikuwa anakunja shati lake moja la kwenda nalo kanisani, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia: "Wazee nitawaambiaje? Walinituma nikajue kuhesabu. Nirudi niwaambie nimefukuzwa kwa ajili ya miaka yao?" Kisha akanitazama, akatabasamu yule mtu, haki ya Mungu akatabasamu. "Ila yako umeipika vizuri, mura. Chumvi imekolea." Nilitoka pale sijui nimepita mlango gani.

Nilimkuta mkuu wa chuo na mwalimu wetu wakinywa chai. Nikasema yote kwa pumzi moja: mto Mara, pantoni, maziwa ya mgando, wazee ni wale wale, sitini ni ile ile, Kenyamonta sikufika, namba zangu zimetoka kichwani. Mwalimu akaweka kikombe. "Ndugu mkuu, hawa ni watu wa mkoa mmoja. Mwizi anamtolea mwizi ushahidi." Mkuu alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye macho ya kuchoka. Aliuliza swali moja tu: ni lini mwalimu anakwenda Mara kukagua wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo? Mwezi wa nne. "Basi uende nao hawa wawili," akasema, "ukawaulize wazee hao mwenyewe. Ukikuta ni uongo, usirudi nao. Na wabebe masanduku yao kabisa, tusihangaike kuwatumia."

Kwa hiyo mwezi wa nne ulipofika tukasafiri watatu, na masanduku mawili ya bati. Kipande cha mwisho kuelekea Itiryo tulipanda trela la trekta la kijiji, juu ya magunia ya mbegu, mwalimu wetu na suti yake iliyonyooka amekaa katikati yetu akishikilia miwani kwa mkono mmoja na heshima yake kwa mkono wa pili. Kila trekta liliporuka shimo, yeye alikuwa anatuangukia, na kila alipotuangukia alikuwa anatuomba radhi kwa ukali. Tulipofika alituamuru tukae juu ya masanduku yetu kando ya barabara, tusiseme na mtu, tusikonyeze mtu. Akamchukua katibu wa kijiji amtafsirie, akaanzia mwisho wa mstari, upande ambao sisi hatukuanzia.

Tulikaa. Tulimwona kwa mbali akiinama, akiandika, akitoka. Nyumba ya pili. Ya tatu. Rafiki yangu alikuwa amefumba macho, na mimi nilikuwa nahesabu nyumba kwa sauti mpaka akaniambia ninyamaze. Kwenye nyumba ya saba mwalimu hakutoka haraka. Tulimwona amekalishwa kwenye kigoda uani, amevua miwani, na mzee mwenye nyumba amesimama mbele yake akimweleza jambo kwa fimbo. Alikuwa yule kibogoyo. Katibu alitusimulia baadaye neno kwa neno.

"Mzee, una miaka mingapi?"

"Sitini."

"Uliwahi kuulizwa?"

"Mwaka jana, na kijana wetu."

"Ukasema?"

"Sitini."

"Mwaka jana sitini. Sasa mwaka huu je?"

"Sitini. Sisi tulishaandikwa."

Mwalimu akajaribu kumweleza kwamba mwaka ukipita, umri nao huongezeka. Mzee akamsikiliza kwa subira, kisha akasema: "Najua. Lakini siwezi kwenda sitini na moja peke yangu nikawaacha wenzangu. Mkitaka kutusogeza, njooni mtukalishe wote, tusogee pamoja." Akaongeza kumuuliza mwalimu ni wa rika gani, na alipoona kijana wa watu hana jibu la maana, akaagiza aletewe maziwa, kwa sababu mtu asiye na rika anahitaji kula.

Alirudi kwetu akiwa na ndevu nyeupe za maziwa na matope mpaka magotini. Alikuwa amevuka hata mstari wa pili na wa tatu, akakuta marika mengine na namba nyingine. Tulisimama. Akafungua mdomo atukemee, na badala yake kikamtoka kicheko, tena kile cha tumbo, akashikilia trela asianguke. "Hukupika," akamwambia rafiki yangu alipopata pumzi. "Kosa lako ni moja. Ulichukua mstari mmoja ukadhani umechukua kijiji. Siku nyingine ruka mistari, bwana!" Akampa mkono. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulipika vizuri sana. Kwa karatasi yako, sifuri. Utarudia mtihani." Hivyo ndivyo ilivyokuwa: yeye akabaki na jina, mimi nikabaki na alama. Masanduku tulirudi nayo chuoni yote mawili, na safari hii la kwake nililibeba bila kuambiwa.

Alifanya kazi ya takwimu maisha yake yote, Tarime na Mugumu, kwa baiskeli kwanza, kwa pikipiki baadaye, na kwa miguu pale pikipiki ilipomkataa. Kijijini Kemambo walimjua kama mtu asiyekubali kukaribishwa kwenye nyumba ya kwanza, hata mvua inyeshe vipi. Alikuwa anaruka mistari. Ukimletea ripoti yenye namba nzuri mno, zinazopanda kidogo na kushuka kidogo kwa adabu, alikuwa anainusa kwanza. Anaipeleka puani kweli, mbele ya wakubwa wake, kisha anasema, "Hii ina vitunguu." Hakupandishwa cheo haraka, kama mnavyoweza kudhani. Siku hizi vijana wanakusanya majibu kwa simu, wamekaa hotelini, na picha za rangi zinatoka zenyewe zikiwa zimeiva. Sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni kwamba uongo uliopangwa vizuri unapigiwa makofi kuliko ukweli wenye sura ya ajabu, na tangu enzi zetu sijaona mabadiliko makubwa katika hilo. Mimi mwenyewe niliacha takwimu nikaja kwenye magazeti, ambako mtu anaruhusiwa kutia chumvi kidogo. Alikuwa akinitania hivyo kila tulipoonana, na mimi nilikuwa nakasirika kila mara, kwa sababu ilikuwa kweli.

Alhamisi tulimzika nyumbani kwake. Msalaba ulikuwa umelazwa kwenye nyasi, jina limeandikwa, na mahali pa umri pakiwa peupe. Binti yake alizunguka na kalamu na vile vyeti vyake vitatu. Mwisho akawaendea wazee wa rika la baba yake, waliokaa pamoja kwenye viti vya mbele, wakiwa wamebaki tisa. Akawauliza. Wale tisa wakatazamana, na mmoja, mrefu, mwenye koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua, akasema: "Sabini na nne." Wa pili akasema, "Na mimi hiyo hiyo." Wa tatu, sabini na nne. Ilikwenda hivyo kiti kwa kiti mpaka wa tisa, na yule mrefu akamwambia binti: "Baba yako hawezi kutuacha nyuma wala sisi hatuwezi kumwacha. Andika sabini na nne." Vyeti vikarudi mkobani. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, kazi ambayo uso wangu haukuiweza vizuri.

Hapo yule mzee akaniona. "Na wewe, mura? Una mingapi?" Ndugu wasomaji, ninyi mnaniandikia kila mara mkiniuliza umri wangu, nami nawajibu kwamba mimi ni kijana wa siku nyingi. Lakini mbele ya kaburi lile, na upendo niliokuwa nao, nilitaka niwe mmoja wao, walau kwa siku moja. Nikasimama wima. "Sabini na nne," nikasema. "Niandikeni na wenzangu."

Wazee tisa wakanitazama kutoka unyayo mpaka kofia. Kisha yule mrefu akainamisha kichwa upande, akavuta hewa puani taratibu, akanusa.

"Mura," akasema, "unapika tena?"

Kumbe marehemu alikuwa amewasimulia wote! Miaka yote ile, kwenye kila pombe na kila harusi. Msiba mzima ukaangua kicheko, mchungaji akajifunika uso kwa kitabu chake, na binti wa marehemu akaniegemea begani akicheka kwa sauti ile ile ya baba yake. Nikajua rafiki yangu alinisamehe zamani kuliko nilivyojisamehe mimi, na kwamba hakunisamehe ili nirudie. Nikavua kofia. "Sabini na mbili," nikasema. "Nilitahiriwa baada yenu."

"Hapo sawa," akasema mzee. "Njoo ubebe udongo, mdogo wetu."

Nilibeba udongo. Na ninyi mliokuwa mkiniuliza, ni sabini na mbili. Andikeni hivyo hivyo.